Kusoma Kusisubiri Kusema

Mazungumzo yafuatayo ni kati ya watu wawili. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa elimu maalumu, ambaye hapa anaitwa Mama Mwalimu kama anavyoitwa mtaani kwake, na wa pili ni mwalimu kijana wa Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya kawaida nchini Tanzania, ambaye ameandikishiwa mtoto wa miaka minane mwenye usonji asiyetamka maneno. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni, nayo huathiri namna mtu anavyowasiliana na wenzake, anavyopokea sauti, mwanga na mguso, na anavyoshikilia mambo yafuate mpangilio uleule. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala hausababishwi na malezi mabaya. Wanaoitwa hapa wasiosema ni wale waliofikia umri wa kwenda shule bila maneno ya kutamka, au wakiwa na machache tu yasiyotosha mahitaji ya siku, na makadirio ya watafiti huwaweka kati ya robo na theluthi ya watu wote wenye usonji.

MWALIMU KIJANA: Shikamoo, Mama. Mtoto ameshapokelewa shuleni, lakini kusoma kwa Darasa la Kwanza ni kwa mdomo: ba, be, bi, bo, bu, darasa zima kwa sauti moja. Mtoto asiyetamka hata silabi moja ataanzia wapi? Je, si afadhali afundishwe kwanza kusema, kisha ndipo aletwe kwenye herufi?

MAMA MWALIMU: Marahaba, mwanangu. Wazo hilo limewaweka watoto wengi nje ya mlango wa kusoma kwa miaka mingi, na kosa lake ni kudhani kwamba usemi ndio ngazi ya kwanza na herufi ni ngazi ya pili. Mtoto kiziwi husoma kitabu bila kuwahi kutamka neno, na hakuna anayeshangaa. Tangu mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, ulipoanza kutumika katika Darasa la Kwanza na la Pili mwaka 2015, mkazo umewekwa kwenye stadi hizo za msingi, jambo ambalo ni jema. Lakini kipimo kinachozoeleka cha kusoma ni kuhesabu maneno ambayo mtoto ameyasoma kwa sauti ndani ya dakika moja, na kwa kipimo hicho mtoto asiyesema hupata sifuri hata kama ameielewa kila sentensi. Ajabu yake ni kwamba mtihani wa kumaliza elimu ya msingi hufanywa kwa kalamu, na maswali yake mengi ni ya kuchagua jibu. Hakuna mahali mtahiniwa anapotakiwa kufungua kinywa. Mlango wa kuingilia unadai sauti, wa kutokea hauidai.

MWALIMU KIJANA: Lakini walimu wenzangu husema kwamba mtoto huyo haelewi, na kwamba kutosema kwake ndiyo dalili.

MAMA MWALIMU: Wenzako wanachanganya mambo matatu. Usemi ni kazi ya pumzi, koo, ulimi na midomo, na ubongo ndio unaozipangia sehemu hizo zamu ya kutenda. Baadhi ya watoto wenye usonji hukwama hapo hapo kwenye kupanga mienendo ya misuli, hali inayoitwa aprasia ya usemi, ambapo misuli yenyewe haijapooza ila amri haifiki kwa mpangilio. Lugha ni kuelewa na kuunda maana, iwe kwa sauti, kwa ishara au kwa maandishi. Akili ni jambo la tatu, pana kuliko yote mawili. Mtoto anaweza kupungukiwa moja na kubaki na mengine, au kupungukiwa mawili, na ndiyo maana kabla ya yote apelekwe hospitali apimwe masikio, kwa sababu wapo waliohesabiwa kuwa na usonji peke yake kumbe pia hawasikii vizuri.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ambaye makala yake ya mwaka 1943 ndiyo iliyoutambulisha usonji kwa madaktari, aliwaeleza watoto 11, watatu kati yao wakiwa hawasemi. Naye aliandika kwamba katika suala la kutumia usemi kuwasiliana hakuona tofauti ya msingi kati ya hao watatu na wale wanane waliosema, na kwamba wote walikuwa na uwezo mzuri wa akili. Maneno hayo hayakusikilizwa sana. Mwaka 2015 watafiti wa Montreal, Canada, walichapisha uchunguzi wa watoto 30 wenye usonji waliokuwa hawasemi au wakisema kidogo mno. Walipowapa kipimo cha akili cha kawaida, ambacho katika sehemu zake nyingi mtoto huulizwa na kujibu kwa maneno, hakuna hata mmoja aliyeweza kukikamilisha. Walipowapa kipimo cha maumbo, ambacho mtoto hutazama mchoro wenye pengo na kuchagua kipande kinachoziba, 26 walikikamilisha, na 17 kati yao walipata alama zinazoangukia katika upeo wa watoto wa kawaida. Kilichobadilika ni njia ya kuuliza.

MWALIMU KIJANA: Kwa hiyo ichukuliwe kwamba kila mtoto asiyesema anaelewa kila kitu, ila tu amefungiwa ndani?

MAMA MWALIMU: Hapana, na hapa ndipo watu wenye huruma hupotea njia kwa upande wa pili. Wapo wasiosema ambao pia wana ulemavu wa akili, wapo wanaoelewa maneno machache tu, wapo wanaoelewa karibu yote, na kwa kuwatazama usoni hakuna awezaye kuwatenganisha. Mwaka 1984 mtaalamu wa elimu maalumu nchini Marekani, Anne Donnellan, alipendekeza kanuni kwamba pale ambapo ushahidi hautoshi, mwalimu achague dhana ambayo, ikija kuonekana si kweli, itamdhuru mtoto kidogo zaidi. Mwalimu akimdhania mtoto kuwa anaweza kusoma, akamfundisha miaka miwili, kisha ikaonekana uwezo wake ni mdogo kuliko ilivyotarajiwa, kilichopotea ni kadi na muda. Akimdhania haelewi, akamwacha na shanga za kutunga mpaka afike miaka 15, kilichopotea hakirudi. Lakini dhana njema haimwondolei mwalimu wajibu wa kupima.

MWALIMU KIJANA: Apimwe vipi, iwapo hawezi kujibu?

MAMA MWALIMU: Atajibu kwa mkono, au kwa macho. Chukua kadi iliyoandikwa "Kuku yuko juu ya meza", bila kuisoma kwa sauti, na mbele ya mtoto weka picha nne: kuku juu ya meza, kuku chini ya meza, paka juu ya meza, paka chini ya meza. Anayetambua neno "kuku" peke yake atabaki na picha mbili. Anayetambua "juu" peke yake naye atabaki na mbili. Anayechagua picha sahihi kila mara amesoma yote mawili. Anayebahatisha hupata moja kati ya nne, kwa hiyo katika kadi kumi atapata mbili au tatu. Watoto 10,000 wangebahatisha kadi hizo kumi, ni kama wanne tu wangefikisha nane au zaidi. Kwa hiyo mtoto akipata nane, mwalimu hana sababu ya kusema ni bahati.

Yapo masharti, na bila hayo kipimo hakina thamani. Picha zibadilishwe nafasi kila mara, maana wapo watoto wanaogusa daima ya kulia. Mwalimu asiitazame picha sahihi, wala asitabasamu mkono unapoikaribia, na njia nzuri ni picha zipangwe na mtu mmoja na kadi ishikwe na mwingine asiyeziona. Kisha asubiri. Walimu wengi huuliza, na kabla hata pumzi mbili hazijapita hurudia swali kwa maneno mengine, na mtoto aliyekuwa anaanza kuupanga mkono wake hulazimika kuanza upya. Mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi kumi, au hata ishirini, kabla ya kufungua mdomo. Mtoto asipofaulu leo, isiandikwe kwamba hajui kusoma. Huenda hajaelewa mchezo wenyewe, na hapo ajifunze kwanza kuchagua kati ya vitu anavyovipenda, kama ndizi na mpira, ndipo ziletwe sentensi. Na kama mvua inapiga mabati, kipimo kiahirishwe. Kelele ile ambayo mwalimu huishinda kwa kupaza sauti, kwa watoto wengi wenye usonji ni maumivu hasa, na mtoto aliyeziba masikio hajakataa kufundishwa.

MWALIMU KIJANA: Na wakati wenzake wanaimba silabi, yeye afanye nini?

MAMA MWALIMU: Azipange. Kiswahili kimewapa walimu wake faida ambayo walimu wa Kiingereza hawana, kwamba kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na maneno yake mengi hugawanyika kwa silabi zilizo wazi. Mwalimu atamke "me", mtoto achague kadi ya me. Atamke "meza", mtoto aiweke me na za. Huko ndiko kuandika imla, na hakuhitaji sauti wala kalamu, jambo muhimu kwa sababu wengi wa watoto hawa hushindwa pia kuimudu kalamu, kwa shida ileile ya kupanga mienendo. Baada ya hapo aanze kuunda maneno bila kutamkiwa: aonyeshwe picha ya kaka, atafute ka mbili.

MWALIMU KIJANA: Huo ni usomaji. Lakini mtoto huyo akihisi kiu, akichokozwa, akitaka kuuliza, hana njia. Jana alimng'ata mwenzake, na fimbo ilikuwa karibu kumfikia.

MAMA MWALIMU: Fimbo isingemfundisha neno. Watafiti Edward Carr na Mark Durand walionyesha mwaka 1985 kwamba baadhi ya watoto hupiga au hujiumiza ili kazi ngumu iondolewe au ili wapate kuangaliwa, na kwamba walipofundishwa njia ya kuomba msaada au kuomba kuangaliwa, vurugu zilipungua sana. Ndiyo maana mtoto huyo anahitaji kile ambacho wataalamu hukiita mawasiliano mbadala na saidizi, yaani njia yoyote inayojaza au kushika nafasi ya usemi: ishara za mikono, picha, herufi, au chombo kinachotoa sauti. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unazihesabu njia hizo kuwa mawasiliano kamili, kwa hiyo mwalimu mkuu akisema hii ni shule ya kawaida na mambo hayo hayawahusu, anaweza kukumbushwa kwa heshima.

Anza na karatasi ya manila. Chora viboksi, katika kila kimoja weka picha, na chini yake neno kwa herufi kubwa, kisha karatasi ifunikwe kwa nailoni ngumu kwenye duka la steshenari ili isilowe. Kosa la kawaida ni kuweka choo, maji, chakula na basi. Ubao wa namna hiyo humfanya mtoto awe mwombaji wa siku zote. Weka pia "sitaki", "inauma", "tena", "bado", "kwa nini", "nani", "siyo hivyo", "njoo uone", na majina ya wenzake wa dawati moja, na pembeni safu ya herufi zote. "Sitaki" liheshimiwe tangu siku ya kwanza, hata pale ambapo kazi italazimika kuendelea. Mwalimu aguse neno hilo, aseme limesikika, kisha aeleze kinachofuata.

Jambo la pili ambalo wengi hulisahau ni kwamba mtoto anayesema alisikia lugha mwaka mzima au zaidi kabla ya kutamka neno lake la kwanza, na hakuna aliyemtaka aongee siku alipozaliwa. Mtoto wa ubao naye anahitaji kuwaona watu wakiutumia ubao. Mwalimu akisema "Njoo, kazi bado", vidole vyake viguse "njoo" na "bado". Afanye hivyo mchana kutwa, mtoto akijibu au asijibu, na asimshike mkono kumlazimisha kugusa.

MWALIMU KIJANA: Mbao nyingi zilizopo mtandaoni ni za Kiingereza zilizotafsiriwa. Mtoto akigusa "mimi", "taka", "maji", je, hafundishwi Kiswahili kibovu?

MAMA MWALIMU: Hapo umegusa penyewe. Kiingereza mara nyingi huweka mtenda, tendo na wakati katika maneno mbalimbali, kwa hiyo viboksi vyake hutosha. Kiswahili huvifunga vyote katika kitenzi kimoja, na ubao ulionakiliwa kutoka lugha nyingine humwachia mtoto mashina matupu. Mwanzoni weka maneno mazima kama "nataka", "sitaki", "nipe" na "twende", kila moja katika kiboksi chake, na mtoto akigusa maneno yaliyovunjika, mwalimu ayarudie kwa sauti yakiwa yamekamilika bila kumkosoa. Kisha, mtoto akishazizoea kadi za silabi, ongeza safu mbili: ya watenda, yaani ni, u, a, tu, m, wa, na ya nyakati, yaani na, li, ta, me. Hapo masomo mawili hukutana, kwa sababu "a-ta-ku-ja" ni silabi nne za kusoma na papo hapo ni sentensi nzima ya kumwambia mtu. Mtoto aliyekuwa na kiboksi cha "lia" sasa anaweza kusema analia, alilia, atalia, na hata kutoa habari za jana, jambo ambalo picha peke yake haiwezi.

Upo pia mfumo wa kubadilishana picha uliobuniwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, ambapo mtoto humkabidhi mtu picha ili apewe kitu kilichochorwa. Uzuri wake ni kumfundisha kwamba ujumbe una mpokeaji. Upungufu wake ni kwamba walimu wengi huishia kwenye kuomba. Vishikwambi navyo vina faida. Mwaka 2014 mtafiti Connie Kasari na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watoto 61 wa miaka mitano hadi minane waliokuwa na maneno machache sana, na waliofundishwa kwa michezo pamoja na chombo kinachotoa sauti waliongeza kauli zao wenyewe kuliko waliofundishwa kwa michezo bila chombo. Vishikwambi ambavyo walimu wa Tanzania waligawiwa baada ya Sensa ya 2022 vinaweza kubeba programu kama hizo, na sauti inaweza kurekodiwa kutoka kwa mtoto wa rika lake. Hata hivyo ubao wa manila usitupwe, kwani hauishiwi chaji.

MWALIMU KIJANA: Wazazi wake wanahofia kwamba akizoea picha hatajitahidi tena kusema.

MAMA MWALIMU: Hofu hiyo ni ya wazazi wa kila nchi, na imeshachunguzwa. Mwaka 2006 watafiti Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo, ambamo walichambua kwa makini watu 27 ambao ushahidi wao ulikuwa thabiti zaidi. Hakuna aliyepungukiwa na usemi kwa sababu ya njia mbadala. Asilimia 89 waliongeza maneno ya kutamka, ingawa nyongeza mara nyingi ilikuwa ndogo, na waliobaki hawakubadilika. Kwa hiyo mzazi asiahidiwe kwamba mtoto atasema, ila aondolewe hofu. Na atengenezewe ubao wa pili wa kukaa nyumbani, maana lugha ya saa za shule tu haikui.

MWALIMU KIJANA: Zipo video za vijana wasiosema wanaoandika mambo mazito kwa kugusa herufi huku mtu amewashika mkono au amewashikia ubao. Je, njia hiyo ifuatwe?

MAMA MWALIMU: Hapo inahitajika tahadhari kubwa kuliko mahali pengine pote. Njia ya kushika mkono ilianza Melbourne, Australia, katika miaka ya 1970, kwa kazi ya Rosemary Crossley, kisha Douglas Biklen wa Chuo Kikuu cha Syracuse akaieneza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wazazi walifurahi mno, na haikuwa ajabu. Ndipo ukafanywa uchunguzi rahisi: mtoto aonyeshwe picha moja, na mshika mkono, bila kujua, aonyeshwe nyingine. Kilichoandikwa kilikuwa kile alichokiona mshika mkono. Hakukuwa na udanganyifu wa makusudi. Mkono huongoza bila mwenyewe kujua. Lakini wakati huo baadhi ya wazazi walikuwa wameshashtakiwa kwa maovu ambayo watoto wao hawakuwahi kuyaandika. Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani kiliikataa njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2018 chama cha wataalamu wa usemi cha nchi hiyo kikaonya pia dhidi ya njia ambayo ubao hushikwa hewani na msaidizi.

Mjadala haujafungwa. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliripoti kuhusu watu 31 wasiosema waliogusa wenyewe herufi zilizomulika kwenye skrini, na walikuwa wepesi zaidi pale herufi zilipofuatana kutunga sentensi, ishara kwamba tahajia waliijua. Hilo ni la kutia moyo, ila kujua tahajia ni jambo moja, na kuthibitisha kwamba sentensi iliyotoka chini ya usimamizi wa mtu mwingine ni ya mtoto ni jambo jingine. Sauti ya mtoto ikiazimwa na mtu mzima, mtoto amenyamazishwa mara ya pili, tena safari hii kwa makofi. Ubao ukae mezani, mkono uwe huru, na msaada wowote upunguzwe wiki hadi wiki.

MWALIMU KIJANA: Je, haingekuwa bora apelekwe kwenye kitengo maalumu?

MAMA MWALIMU: Vipo, kama kile cha Shule ya Msingi Msimbazi Mseto jijini Dar es Salaam, au cha City Primary jijini Nairobi, na Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha huwaandaa walimu wa elimu maalumu. Anayekaa karibu na kitengo kizuri asikikatae. Lakini vitengo ni vichache, na mtoto wa kijijini hawezi kungoja mpaka kijengwe kingine.

MWALIMU KIJANA: Na mwisho wa mwaka, katika ripoti yake, sehemu ya kusoma ijazwe nini?

MAMA MWALIMU: Isijazwe sifuri, wala isiachwe wazi. Andika tarehe, kadi zilizotumika, alipata ngapi kati ya kumi, picha zilipangwa na nani, na alisaidiwaje. Andika pia kauli alizoziunda mwenyewe kwa siku hizo, jinsi alivyoziunda, pamoja na zile zisizoeleweka. Kisha faili hilo, pamoja na ubao wenyewe hata kama umechakaa, lipelekwe kwa mkono kwa mwalimu wa Darasa la Pili kabla shule hazijafungwa, naye akae na mtoto siku mbili tatu akiuona unavyotumika, maana kila Januari watoto hawa hukabidhiwa kwa jina tu na huanza upya kwenye herufi a.